Tazama Kazi ya Neno

Mwanafunzi akiambiwa apigie mstari vivumishi katika sentensi za Kiingereza, mara nyingi hulitazama neno peke yake, kana kwamba limezaliwa na aina yake. Kiswahili kimemzoesha msaada mwingine: kiti kirefu, miti mirefu, viambishi humwonyesha kipi kinaandamana na kipi. Kiingereza hakina msaada huo. Neno “fast” ni kivumishi katika “a fast bus”, ni kielezi katika “she runs fast”, na ukifika Ramadhani huwa kitenzi: “we fast”. Herufi ni zilezile, kazi ndiyo inayobadilika.

Basi mzazi anayesaidia zoezi jioni asianze na orodha ya kukariri. Amuulize mtoto: neno hili linaeleza nini? Likieleza basi, ambalo ni nomino, ni kivumishi. Likieleza namna ya kukimbia, ni kielezi. Natamani walimu walipe swali hilo muda mrefu kuliko mitihani inavyoruhusu.

Wala mtoto asikaripiwe akikosea. Dionysius Thrax, mwanasarufi wa Kigiriki wa zama za kale anayehusishwa na mgawanyo wa maneno katika aina 8, hakukitenga kivumishi; alikihesabu ndani ya nomino. Hata leo “stone” katika “a stone wall” huwagawanya watu: wapo wanaoliita kivumishi, wapo wanaoshikilia kwamba ni nomino inayofafanua nomino nyingine. Mtoto akiandika nomino na kutoa sababu, apewe alama yake.