Hagi Baada ya Kutundika Daluga

Waromania humwita Gheorghe Hagi Mfalme, na anayedhani jina hilo linaishi kwa kumbukumbu za Kombe la Dunia la 1994 pekee amekosea. Kweli, bao lile dhidi ya Colombia kule Pasadena halisahauliki: yuko pembeni kabisa upande wa kushoto, mbali na goli, kila mtu anangoja krosi, naye anaupiga kwa ule mguu wake wa kushoto, mpira ukampita kipa Óscar Córdoba juu ya kichwa. Lakini bao huzeeka pamoja na walioliona. Wala ukocha wa timu kubwa haukumwongezea sifa. Alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2001, ikatolewa na Slovenia kwenye mchujo wa kwenda Kombe la Dunia, akaondoka. Galatasaray, aliyotwaa nayo Kombe la UEFA mwaka 2000 (fainali ambayo yeye mwenyewe, tusisahau, aliimaliza nje kwa kadi nyekundu), aliinoa mara mbili, na ukiacha Kombe la Uturuki la 2005 hakuvuna la maana. Steaua alidumu miezi michache tu.

Kilichoulinda umaarufu wake, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa mwaka 2009 wa kurudi kwao Constanța na kutia fedha zake kwenye akademi na klabu mpya, Viitorul. Mwaka 2017 timu hiyo ya vijana ililingana pointi na FCSB, ikawa bingwa kwa matokeo ya mechi baina yao. Wapo wanaosema ushindi huo haupimi ukocha: mwenye timu ndiye kocha, nani angethubutu kumfukuza? Hoja hiyo ina uzito, na siamini Hagi angepewa subira hiyo na tajiri mwingine yeyote. Ila mwenye klabu asiyeogopa kufukuzwa angeweza pia kujinunulia wachezaji waliokwisha iva. Yeye aliwapanga chipukizi, tena kwenye mechi za ligi kuu, wakikosea mbele ya watu. Romania ilipoichapa Ukraine 3-0 huko Munich kwenye Euro 2024, mabao mawili yalifungwa na Răzvan Marin na Denis Drăguș, wote waliokulia Viitorul.

Lawama ya upendeleo ndiyo ngumu zaidi kuijibu, maana mwanawe Ianis alivaa kitambaa cha unahodha angali kijana mdogo. Baba yeyote angenuniwa kwa hilo. Hata hivyo Fiorentina, Genk na Rangers hawakuwa na udugu naye walipomsajili, na Marin, aliyefika hadi Ajax, hakuwa mtoto wa Hagi. Mwaka 2023, miaka miwili baada ya Viitorul kuunganishwa na Farul, klabu aliyoanzia soka, Hagi alitwaa ubingwa tena akiwa kwenye benchi lile lile la nyumbani.