Mwenye Mashine ni Nani?

Mali ni neno jepesi kutamka na zito kueleza. Mtu husema shamba hili ni langu, mbuzi huyu ni wangu, na wamsikiao humwelewa pasipo swali. Lakini atajapo kompyuta yake, swali moja lastahili kuulizwa: je, kitu kisichoweza kufunguliwa wala kutengenezwa kwa hiari ya mwenyewe ni chake kweli, au ni amana tu iliyowekwa mikononi mwake na kiwanda mpaka siku kitakapopenda kuiondoa?

Unyamwezi ni mahali pafaapo kwa kulitazama swali hili. Ziba, katika wilaya ya Igunga mkoani Tabora, imo katika nchi ambayo watu wake walichukua mizigo baina ya pwani na Maziwa Makuu katika karne ya 19. Wakati ule jembe la chuma lilikuwa zana, lilikuwa bidhaa, na lilikuwa mahari. Heshima yake haikutokana na makali peke yake. Mpini ulipovunjika, mwingine ulichongwa. Chuma kilipolika, mhunzi aliweza kukitia motoni tena. Mwenye jembe hakulazimika kuwa mhunzi, lakini hakuwa mfungwa wa mhunzi mmoja aliye mbali.

Kompyuta ya mtu binafsi ilianza na tabia iliyokaribiana na ya jembe. IBM ilipotoa mashine yake mwezi wa Agosti 1981, kichakataji chake kilikwenda mapigo 4,770,000 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya chini kabisa ilikuwa kilobaiti 16. Kompyuta ndogo ya leo yenye gigabaiti 8 inaizidi kumbukumbu hiyo zaidi ya mara 500,000. Hata hivyo mashine ile dhaifu ilikuwa na ukarimu. Kifuniko chake kilifunguka kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nafasi 5 za kuchomeka kadi za nyongeza. Na IBM iliuza kitabu kilichochorwa ndani yake njia za umeme wa mashine nzima.

Tanzania ilikuwa imekwisha kutana na kompyuta kabla ya hapo. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine za namna hiyo. Marufuku ilikuja kulegezwa, na katika miaka ya 1990 ikaondolewa. Wenye kuiweka hawakuwa wajinga: fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine zenyewe zilikuwa ghali na ngumu kutunza. Lakini marufuku ilijibu swali la kuwa nazo au kutokuwa nazo, ikaliacha swali la kuzijua. Siku mlango ulipofunguliwa, mashine ziliingia kwa wingi kuliko mafundi.

Tangu hapo kompyuta zimekuwa nyembamba na zimekuwa bahili. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa ubaoni, na betri yake imegandishwa kwa gundi. Wengine walifuata njia hiyo. Haki yataka tuseme kwamba faida ipo: mashine ni nyepesi, na sehemu iliyolehemiwa hailegei kwa mtikisiko wa safari. Lakini mnunuzi hana budi kuchagua siku ya kwanza kumbukumbu itakayomtosha mpaka siku ya mwisho, na mtu maskini ndiye asiyeweza kulipa leo kwa ajili ya haja ya kesho.

Mtu aweza kunipinga hivi: mwili wangu siujui, na daktari ndiye anitibuye, lakini hakuna asemaye kuwa mwili si wangu. Pingamizi hili ni zuri, na ndilo linalotuonyesha njia. Umiliki hauhitaji elimu yote. Wahitaji uhuru wa kuitafuta elimu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa maradhi yake na kumchagua mganga. Mashine inyimayo haki hizo imeuzwa nusu kwa bei ya nzima.

Tazama jambo la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 programu hiyo ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017. Kijana wa Ziba aliyenunua kompyuta iliyokwisha tumika Ulaya ameambiwa kwamba mashine yake imekufa, ilhali inawaka. Akiamini, atatafuta fedha asizokuwa nazo, au ataacha masomo yanayoitegemea. Akiuliza, atajua kwamba Linux hupatikana bure na huweza kuendesha mashine nyingi za umri huo. Kwamba diski izungukayo ikibadilishwa kwa diski isiyozunguka, mashine kongwe huamka upesi. Na kwamba pengine joto linaloizima ni vumbi tu lililoziba feni. Tofauti ya vijana hao wawili haimo katika mfuko. Imo katika swali lililoulizwa na lisiloulizwa.

Uhuru huo una wajibu wake. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa vema haikufika robo. Kuongeza kumbukumbu kwa sababu kazi imezidi ni busara. Kutupa mashine nzima kwa sababu jirani ana mpya ni kiburi kinacholipiwa na ardhi. Vyuo vyetu navyo vina deni. Hufundisha kuitumia kompyuta, na mara chache humpa mwanafunzi bisibisi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisemi kuwa jina la Ziba limetoka hapo. Nasema tu kwamba, likisikiwa kwa sikio la Kiswahili, ni amri njema. Mwenye mashine si yule aliye na risiti peke yake. Ni yule ambaye ufa ukitokea, ana ruhusa ya kuuona, ana nia ya kuuziba, na anajua mlango wa fundi wa kubishia.