Mashauri kabla ya Uji

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na akaruhusu kumwachisha mtoto ziwa kabla ya hapo kwa wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Kuanza kumlisha ndio mlango wa kuachisha. Basi nako kwastahiki mashauri. Bibi hutaka apewe uji mwezi wa tatu, kwa mapenzi, na heshima yake ni wajibu. Lakini haki hii ni ya mtoto, naye hana ulimi wa kuidai. Shirika la Afya Duniani lataja miezi 6: shingo imekaza, akaa kwa kuegemezwa, hasukumi chakula nje kwa ulimi. Asali, ijapokuwa ni shifaa, ingojee atimize mwaka.