Jicho Lisilo na Nukta

Ukiwa na astigimatizimu, usiku unaijua. Uko Thika Road, mvua imenyesha kidogo, na kila gari linalokuja taa zake zimeota miba. Taa za breki zina mikia. Mwezi una pacha wake pembeni, hafifu. Jirani yako kwenye matatu haoni hayo yote, na wewe umeishi miaka ukidhani kila mtu anaona hivyo.

Jina la hali hii limetoka kwa Kigiriki: *a* ni bila, *stigma* ni nukta. Bila nukta. Konea ya jicho lako imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, haikuviringana sawasawa kama mpira, kwa hivyo haiwezi kukusanya mwanga wote mahali pamoja. Nukta inaingia, mstari unatoka. Ni jambo la kawaida sana, na mara nyingi miwani hulimaliza. Kwa maisha ya mjini ni usumbufu tu.

Sasa mpe mtu huyo bastola.

Siku hizi bastola nyingi hufungwa kioo kidogo cha kulengea juu yake. Ndani kuna kitaa cha LED kinachotupa mwanga, mara nyingi mwekundu, kwenye kioo kilichopinda. Kioo kinaurudisha ule mwanga kwa jicho lako kiasi kwamba nukta inaonekana kama iko mbali huko, juu ya shabaha yenyewe. Wazo si jipya: Howard Grubb wa Dublin alilibuni mwaka 1900, na katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikatoa kioo cha aina hiyo kinachotumia umeme. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kupanga alama mbili za chuma kwenye mstari mmoja na shabaha. Unatazama shabaha, macho yote mawili wazi, nukta inatua. Basi.

Isipokuwa wewe huoni nukta. Unaona koma, au kishada cha zabibu, au nyota iliyopasuka. Na jambo la kwanza ambalo watu hufanya ni kulaumu kioo. Ati nimeuziwa kibovu. Kinarudishwa dukani, kinaletwa cha bei ya juu zaidi, na loo, nacho kina mkia uleule.

Kumbe kujua ukweli ni kazi ya dakika mbili. Toa risasi zote, hakikisha bastola ni tupu, kisha hakikisha tena. Chukua simu, punguza mwangaza wa nukta, uipige picha kupitia kile kioo. Picha ikitoka na nukta safi, tatizo si kioo. Au inamisha kioo upande, kichwa chako kikae wima: mkia ukizunguka pamoja na kioo, kioo kina shida, ukibaki palepale, shida ni jicho. Au toboa karatasi kwa sindano uchungulie kwa kile kitundu. Nukta ikikaza ghafla, jibu umelipata.

Swali langu linaanzia hapo. Je, kujipima hivi ni ushauri mzuri tu, kama kunywa maji mengi? Au ni wajibu, kiasi kwamba asiyejipima ametenda kosa hata kama risasi zake hazijamgusa mtu?

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika kuhusu imani na maadili, akatoa mfano wa mwenye meli. Meli yake ni kuukuu na imetengenezwa mara nyingi. Shaka inamsumbua. Lakini anajiambia imeshavuka bahari mara ngapi, itavuka na leo, mpaka anaamini kweli kweli. Abiria wanapanda. Meli inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na unyofu wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kisha anaongeza jambo linalouma zaidi: hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile. Kufika kwake kungekuwa bahati tu.

Utaniambia mwenye meli alikuwa na shaka akaizima, lakini mtu wa bastola hajui kwamba hajui. Ni kweli, nyani haoni kundule. Lakini huyu ameuona mkia. Kila anapoinua mkono ule mkia upo, unang'aa mbele yake. Mkia ndio shaka yake. Akisema "nimezoea tu", anafanya kile kile alichofanya mwenye meli bandarini.

Kuna pingamizi la pili, na hili nalipa uzito. Hakuna mtu anayeona kikamilifu. Tukingoja macho makamilifu, hakuna atakayeendesha gari, hakuna daktari atakayeshika kisu, hakuna mlinzi atakayekesha langoni. Kwa nini tumdai mwenye bastola kitu ambacho hakuna binadamu anacho?

Jibu ni kwamba hatumdai ukamilifu. Tunamdai aijue kasoro yake. Tazama George Airy, mwanahisabati wa Cambridge. Aligundua kwamba anaposoma, jicho lake la kushoto halifanyi kazi yoyote. Mwaka 1825 aliwaeleza wanasayansi wenzake alichokifanya: alitoboa kadi, akatazama kile kitundu chenye mwanga, akakisogeza mbele na nyuma huku akipima ni umbali gani kinageuka mstari wa upande huu, na umbali gani kinageuka mstari wa upande ule. Akapeleka vipimo kwa fundi, akachongewa lenzi ya silinda. Mwaka 1835 akawa Mwanafalaki wa Kifalme wa Uingereza, mtu ambaye kazi yake ni nukta za mwanga angani. Jicho lake halikuwahi kunyooka. Alilipima upotovu wake, basi.

Hata ushauri wa kuchagua kioo, ukiutazama vizuri, unaelekea huko huko. Kwanza nenda kwa daktari wa macho, vaa miwani yako, ndipo uende kutazama vioo. Usinunue kioo ambacho hujachungulia kwa jicho lako mwenyewe, maana nukta safi ya rafiki yako ni habari za jicho la rafiki yako. Shusha mwangaza, kwa sababu nukta kali husambaa zaidi. Jaribu na ya kijani, kuna macho yanayoipokea vizuri kuliko nyekundu. Kuna vioo vyenye duara kubwa kuzunguka nukta, na baadhi ya watu hupata duara rahisi zaidi kutumia. Tazama pia ukubwa: nukta hupimwa kwa MOA, na MOA 1 ni karibu sentimita 3 kwa mita 100. Kwa hivyo nukta ya MOA 6 inafunika kama sentimita 4 na nusu kwa mita 25. Ikiota mkia, inafunika zaidi, na wewe hujui katikati yake ni wapi. Vioo vya prizimu, ambavyo alama yake imechorwa ndani ya kioo chenyewe, huwafaa wengi wenye jicho hili, lakini hutaka jicho likae karibu, na bastola hushikwa mbali na uso. Na alama za zamani za chuma bado zipo. Hazioni aibu.

Kitu kimoja kinashangaza hapa. Mkia ambao haubadiliki unaweza kuishi nao. Ukijua kwamba koma yako daima huanguka chini kulia, unaweza kuoanisha kioo na mtutu kwa kufuata kichwa cha koma, na risasi zitatua mahali pamoja. Anayepaswa kuogopewa ni yule ambaye leo analenga kwa kichwa, kesho kwa mkia, na bado anaapa kwamba anaona sawa. Na kama baada ya miwani na majaribio yote hakuna kinachotulia, kuna chaguo ambalo muuzaji hatakutajia: kuiacha bastola.

Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti kabla ya kumiliki bunduki. Sawa. Lakini cheti hakinyooshi konea. Na risasi ikikosa shabaha haipotei hewani, inaenda mahali. Machi 2020, usiku wa kafyu, risasi ya polisi ilimpata mtoto aliyekuwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Sisemi kisa kile kilikuwa cha macho ya mtu. Nasema kila ukuta wa Nairobi una watu nyuma yake, kila roshani ina nguo na watoto, na maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana namdai mwenye bastola zaidi kuliko mpiga picha mwenye jicho lilelile. Mpiga picha akikosea, anafuta.

Lakini hata nukta ikinyooka, kuna kazi ambayo kioo hakifanyi. Nukta inakuambia risasi itaenda wapi. Haikuambii aliye mbele yako ni nani. Kijana ameingiza mkono mfukoni, ni usiku, anatoa kitu cheusi. Ni simu, au? Hapo jicho linalofanya kazi si konea. Ni woga, ni mtaa anaotoka, ni nywele zake, ni yale uliyoambiwa kuhusu vijana kama yeye. Hayo nayo yana mkia, yanasambaza kitu kimoja kikawa kingine, na mwenye kuona hivyo huapa vilevile kwamba ameona sawa.

Jicho hilo huwezi kulipiga picha kwa simu. Njia pekee ninayoijua ni ile ya kuinamisha: badilisha mtu aliye mbele yako, acha kila kitu kingine palepale. Angekuwa mwanao, angekuwa mzungu mwenye shanta, angekuwa mama aliyetoka kanisani, bado ungeona silaha? Kama picha inabadilika, basi mkia ni wako. Na jaribio hilo lazima lifanywe mchana, ukiwa umetulia, bastola ikiwa tupu. Usiku ukifika hutapata hizo dakika mbili.