SHOKA LILIKUWA LA KUAZIMA

Masomo: 2 Wafalme 6:1-7, Kumbukumbu la Torati 20:19-20, Ayubu 14:7-9



Leo tumesukumwa moyoni kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisikiki mara nyingi katika mahubiri, ijapokuwa kila nyumba inalishika kila siku. Jambo hilo ni makala. Asubuhi tunawasha mbabula kwa uji wa watoto. Saa sita tunasonga bukari. Jioni tunachemsha maharagwe. Siku ya Bwana, wageni wakitutembelea, ni makala yanayowapikia. Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza mti ule ulisimama wapi kabla ya kuingia katika gunia?

Ndugu mmoja wa kanisa letu alitujia baada ya maombi. Kazi yake ni kukata miti na kuchoma makala, mbali na mji wa Lubumbashi. Alituambia hivi: «Watoto wangu watano wanakula kwa makala. Minervali yao nailipa kwa makala. Fungu la kumi nalitoa kwa makala. Sasa nasikia watu wakisema kwamba mchoma makala ni mharibifu wa nchi. Wazee wangu, je, fungu langu la kumi ni safi?»

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, tukafunga, tukaomba, tukafungua Maandiko. Haya tunayoandika ni jibu lake, na ni letu sote.

WANA WA MANABII WALIKWENDA PORI

Tunasoma kwamba wana wa manabii waliona nyumba yao imekuwa ndogo. Wakamwomba Elisha ruhusa ya kwenda Yordani, kila mtu akakate boriti moja. Elisha hakukataa. Basi, wapendwa, kukata mti si dhambi kwa yenyewe. Watu wa Mungu walishika mashoka, na mtumishi wa Mungu aliwaruhusu.

Lakini tuangalie vizuri. Kwanza, walikuwa na kipimo: kila mtu boriti moja. Pili, mmoja wao alimsihi Elisha aende pamoja nao, naye akakubali. Nabii hakukaa nyumbani na kuwahukumu wakataji kutoka mbali. Aliingia pamoja nao porini. Tatu, chuma cha shoka kilipoanguka majini, mtu yule alilia kwa sababu kilikuwa cha kuazima. Kama kingekuwa chake, angehuzunika tu. Kwa kuwa kilikuwa cha mwingine, aliogopa: nitarudisha nini?

Ndugu, pori letu pia ni la kuazima. Tumelipewa na Mungu tulilime na kulitunza (Mwanzo 2:15), na wenye kulidai wanazaliwa kila siku katika nyumba zetu. Mtoto anayenyonya leo atatuuliza: «Baba, Mama, lile shoka liko wapi?»

GUNIA MOJA NI MITI MINGAPI?

Wachoma makala wanajua kazi yao ni ya jasho. Miti inaangushwa, inakatwa vipande, inapangwa, inafunikwa kwa majani na udongo. Moto unawashwa, unapumua pole pole siku nyingi. Mtu analala karibu, maana udongo ukipasuka hewa inaingia, na kazi yote inageuka majivu. Hata akilinda vizuri, katika tanuru la udongo kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Zilizobaki zinakwenda na moshi. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lilikuwa kwanza kuni za kilo 250, pengine 500. Tukumbuke hesabu hiyo kila tunapomwaga makala chini bila kuyaokota.

Mji wa Lubumbashi ulipoanza mwaka 1910, mwitu wa miombo uliuzunguka. Leo magunia yanatoka mbali, juu ya magari na juu ya baiskeli ambazo vijana wetu wanazisukuma usiku kucha. Kila mwaka shoka linaenda mbele kidogo, na njia ya kurudi inazidi kuwa ndefu.

Tena, mchoma makala hachukui mti wowote. Anatafuta mti mgumu, mzito, kwa sababu makala yake yanakaa motoni muda mrefu na mnunuzi anayapenda. Anatafuta mutondo na ndugu zake wa miombo. Na ni miti hiyo hiyo inayolisha vinkubala kwa majani yake. Ni miti hiyo hiyo ambayo mizizi yake inaishi pamoja na uyoga ndani ya udongo. Bowa wengi tunaowaokota wakati wa mvua hawapandwi na mtu. Wanakula pamoja na mti. Mti ukifa, nao wanatoweka.

Mama mmoja wetu aliona hayo kwa macho yake. Alikwenda kutafuta bowa pahali ambapo mama yake alimfundisha akiwa mtoto. Alitembea tangu asubuhi, akarudi na kikapu kitupu. Mama huyo anauza makala sokoni, kwa mafungu madogo madogo. Alituambia: «Niliketi chini, nikaelewa. Kile kikapu nilikiuza mimi mwenyewe.» Hatumcheki. Nani kati yetu hakununua kwake?

MAKOSA SI YA MTU MMOJA

Ni vyepesi kumnyoshea kidole yule aliye na moshi usoni. Lakini yeye anachoma kwa sababu sisi wa mji tunanunua. Wengine wanasema: «Basi acheni makala, pikeni kwa umeme.» Neno zuri, kwa mwenye umeme. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, na Inga ya pili mwaka 1982. Laini ya karibu kilomita 1,700 ikajengwa kuleta nguvu hiyo mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi. Waya zinapita juu ya vijiji, na chini yake mama anapuliza moto wa kuni. Hata katika mji, wengi wana waya nyumbani lakini wanaweka gunia la akiba nyuma ya mlango, maana umeme ukikatika mtoto hawezi kungoja. Tunaomba wakubwa wa nchi wakumbuke jambo hilo. Lakini hatuwezi kukaa tukiwangoja huku tukimaliza kilicho cha watoto wetu.

Sisi viongozi pia tunaungama. Katika sikukuu yetu kubwa tulinunua magunia bila kuhesabu. Maharagwe hayakulowekwa, masufuria hayakufunikwa, na mbabula ziliachwa zikiwaka mpaka asubuhi bila kitu juu yake. Kisha tukasimama tukamshukuru Mungu kwa uumbaji wake. Bwana atusamehe.

HATA VITANI MTI ULIKUWA NA SHERIA

Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anawapa watu wake sheria ya vita. Wakiuzunguka mji siku nyingi, wasiiharibu kwa shoka miti inayowapa chakula. Miti isiyo ya chakula waliruhusiwa kuikata kwa kazi ya vita. Tazameni: Mungu hakuondoa shoka mikononi mwao. Aliwaambia wafungue macho kabla ya kulipiga. Ikiwa wakati wa vita, penye haraka na hasira, mti wa chakula ulilindwa, je, si zaidi wakati wa kutafuta franga za soko?

Kwetu mti wa chakula si embe na parachichi tu. Mupundu ni mti wa chakula. Musuku ni mti wa chakula. Mutondo wenye vinkubala ni mti wa chakula. Tukiangusha yote, tutakuwa na moto mwingi na sufuria tupu.

KISIKI KINA TUMAINI

Sasa tufike kwenye habari njema. Ayubu, katika mateso yake, aliangalia mti uliokatwa akasema kwamba una tumaini. Hata mzizi wake ukizeeka katika nchi, ukisikia harufu ya maji utachipuka tena. Ayubu alisema kweli, na miombo yetu inashuhudia. Mutondo ukikatwa na kisiki kikaachwa ki hai, mvua za kwanza zinaleta machipukizi. Mizizi haikufa, inangoja. Kwa miaka 20 hadi 30, pengine zaidi, pale pale panaweza kusimama tena miti ya kukatwa.

Basi kwa nini pori halirudi? Kwa sababu tunakiua kisiki baada ya kuukata mti. Tunakichimba, au tunarudi kukata machipukizi yakiwa bado fito, au moto wa mwisho wa kiangazi unapita na kuyala yote. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, pana majaribio yaliyoanza mwaka 1933. Pahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, mwitu ulirudi nyuma na nyasi zikatawala. Pahali palipochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, miti ilidumu. Na palipozuiliwa moto, mwitu ulifunga vizuri zaidi. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Tofauti ilikuwa mkono wa mtu na wakati alioutumia.

Turudi kwa Elisha. Aliuliza: chuma kilianguka wapi? Mwenye kukipoteza alilazimika kupaonyesha. Mungu akakieleza chuma juu ya maji, lakini Elisha hakukiokota. Alimwambia mtu yule akichukue mwenyewe, naye akanyosha mkono. Ndivyo ilivyo na kisiki. Kukichipusha ni kazi ya Mungu, hatuwezi kuifanya. Kukilinda kisiungue ni kazi yetu, na hatafanya kwa niaba yetu.

TUFANYE NINI?

1. Ninyi mnaochoma makala: acheni miti ya matunda na miti ya vinkubala. Msichimbe visiki. Kausheni kuni vizuri na kuziba tanuru kwa uangalifu, ili mti mmoja utoe makala zaidi. Tumieni tena pahali pa tanuru la zamani, maana udongo uliopikwa na tanuru unaua mizizi iliyo chini. Mkiisha kukata upande mmoja, upumzisheni, mzuie moto wa mwisho wa kiangazi usiingie.

2. Ninyi wamama na mabinti wa jikoni: lowekeni maharagwe tangu usiku, funikeni sufuria, zimeni makala yaliyobaki na kuyaweka kwa kesho. Mbabula ya udongo iliyotengenezwa vizuri inaweza kupunguza makala kwa karibu theluthi moja. Hicho ni chakula cha siku nyingi ndani ya gunia lile lile.

3. Ninyi wakubwa wa vijiji: sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 na amri namba 14/018 ya 2 Agosti 2014 zinaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake uandikwe kwa jina lake, hadi hektari 50,000. Pori lisilo na mwenyewe kila mgeni analikata. Ombeni, andikeni, fuatilieni, kabla pori halijabaki jina tu.

4. Sisi kanisa: katika sikukuu ijayo magunia yatahesabiwa, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Kabla ya mvua, vijana watakwenda pamoja na ndugu wachoma makala kusafisha njia ya kuzuia moto kuzunguka visiki walivyokata. Wazee nao watakwenda. Elisha alikwenda.

Na sasa, ndugu yetu uliyetuuliza, hili ndilo jibu. Mungu hakatai jasho lako. Fungu lako la kumi si chafu kwa sababu ya moshi. Lakini kabla ya kulileta madhabahuni, nenda kwanza pale ulipokata. Tazama visiki. Kama vi hai, njoo kwa furaha. Kama umeviua, njoo pia, utuonyeshe pahali shoka lilipoanguka, twende pamoja tukanyoshe mkono. Hatutakuacha peke yako, maana makala yako tuliyala sote.

Tuombe. Bwana Mungu, Mwenye miti yote ya mwitu, utusamehe kwa vyote tulivyokata bila kukumbuka. Uwahurumie wanaolala kando ya tanuru usiku huu, na watoto wanaongoja gunia liuzwe ndipo wale. Utupe macho kabla ya shoka. Mvua zikirudi, visiki visikie harufu ya maji, na watoto wetu wakute kilicho chao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.