Je, Uwongo wa Mzaha ni Dhambi?

Wanapofika kwenye Amri ya Nane, wakatekumeni huuliza mara nyingi swali hili: Mtu akisema neno lisilo kweli kwa kutaka kuchekesha tu, pasipo nia ya kumdhuru mwenziwe, je, amefanya dhambi? Swali hilo ni la zamani sana. Lakini siku hizi limezidi uzito, kwa kuwa mzaha hautamkwi tena barazani peke yake, bali hupelekwa kwa simu, na kwa muda wa saa moja huweza kufika mahali ambapo aliyeuanzisha hajulikani kabisa.

Watakatifu wenye elimu walikwisha kulitazama jambo hili. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyekufa mwaka 430, aliandika kitabu kizima juu ya uwongo, na mwanzoni mwake akaiweka mizaha kando, asiihesabu kuwa uwongo. Sababu yake ni hii: sauti ya mwenye kutania na namna yake humwonyesha msikiaji wazi kwamba hataki kudanganya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225–1274) alikuwa mkali zaidi kidogo. Aliugawa uwongo katika mafungu matatu, yaani ule wa kudhuru, ule wa kusaidia na ule wa kuchekesha, wala hakukubali kwamba wowote kati ya hayo ni mwema. Walakini alifundisha kwamba ule wa kuchekesha si dhambi ya mauti.

Asidhani mtu kwamba Tomaso alikuwa adui wa kicheko. Yeye mwenyewe alisimulia habari iliyopokewa kwa wazee wa jangwani, ya kwamba watu fulani walichukizwa kumwona Mtakatifu Yohane, Mwinjili, akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde apige mshale. Akapiga, akapiga tena na tena. Ndipo Yohane akamwuliza kama angeweza kufanya hivyo pasipo kupumzika, naye akajibu kwamba upinde ungevunjika. Vivyo hivyo, alisema Yohane, roho ya mtu ingevunjika kama isingelegezwa kamwe. Basi Tomaso aliuhesabu mchezo wenye kiasi kuwa ni fadhila, naye asiyependa kucheka kamwe, akiwalemea wenzake kwa uso wake wa kununa, alimhesabu kuwa na kosa.

Lakini neno la Agostino juu ya sauti na namna ndilo la kushikwa sana. Babu amwambiapo mjukuu wake, «Mke wangu, mbona leo hukunipikia?», binti naye humjibu, «Bwana mzee, meno yamekwisha kinywani, nikupikie nini?» Watu wote barazani hucheka, na hakuna aliyedanganyika. Mgeni asiyejua desturi ya babu na mjukuu angeweza kushtuka kidogo; hata hivyo angeutazama uso wa mzee, akafahamu. Utani wa namna hii una mlango ulio wazi, na kila mtu aliyepo anaweza kuingia na kucheka pamoja na wengine.

Sasa itakuwaje mtu asiposikia sauti wala kuuona uso?

Jambo hilo lilitokea mwaka 1982 huko Marekani, katika mji wa Pittsburgh, kwenye chuo kikuu kiitwacho Carnegie Mellon. Walimu na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa na kompyuta zilizounganishwa kwa nyaya, na kwa njia ya kompyuta hizo waliandika habari zao mahali palipofanana na ubao wa matangazo, ambapo kila mmoja aliweza kusoma na kujibu. Mwezi wa Septemba mmoja wao alitoa fumbo la sayansi. Katika nyumba ndefu za mijini kuna chumba kidogo cha chuma kinachopandisha na kushusha watu kwa kamba, nacho huitwa lifti. Fumbo liliuliza: kama kamba ikikatwa, na chumba kikianguka, je, mshumaa unaowaka ndani yake na tone la zebaki vitafanyaje? Wenziwe wakaanza kujibu kwa furaha, kila mtu akizidisha. Ndipo mmoja akaandika tangazo la mzaha, kana kwamba ni la wakubwa wa chuo: kwamba kwa ajili ya jaribio la sayansi lifti moja imeingiwa na zebaki, na tena imeungua kidogo.

Zebaki ni sumu. Wengine waliosoma tangazo lile hawakuwa wamesoma fumbo lililotangulia, basi wakaliamini. Haikutosha kuwaeleza kwamba ni mchezo. Wenye busara kati yao waliona kwamba kasoro ilikuwa katika maandishi yenyewe, kwa kuwa maandishi hayana sauti. Wakashauriana juu ya alama ya kutia penye mzaha. Mmoja alitaka nyota, mwingine alama nyingine. Tarehe 19 Septemba 1982 mwalimu Scott Fahlman alitoa shauri la kuandika nukta mbili, kistari, na bano la kufunga, hivi :-) , kwa maana mtu akikiinamisha kichwa chake upande wa kushoto huona macho, pua, na kinywa kinachocheka. Alama hiyo ikaenea duniani kote. Nyuso ndogo za manjano ambazo vijana huzitia katika simu zao leo hufanya kazi ile ile.

Watu wengi huicheka alama hiyo kama kitu cha kitoto. Lakini watu wale wa elimu kubwa walifahamu, pengine bila kumkumbuka Agostino, kwamba mwenye kutania ana deni. Anapaswa kumpa msikiaji wake ishara, kwa kuwa uso wake hauonekani.

Kuna mzaha mwingine ulio mgumu zaidi kuhukumiwa, kwa sababu ndani yake hamna hata neno moja la uwongo. Huu nao ulitoka Marekani. Mwaka 1983 gazeti dogo la jimbo la Michigan liliwaonya wasomaji wake, siku ya kwanza ya Aprili ambayo huko ni siku ya mizaha, juu ya kitu kilichoonekana katika mabomba ya maji ya mji. Mwaka 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha Santa Cruz, California, walieneza onyo la namna hiyo, na baadaye likaingia katika intaneti. Onyo lilisema kuna kitu kiitwacho dihidrojeni monoksidi. Mtu akikivuta katika mapafu aweza kufa. Kikiwa mvuke huunguza vibaya. Hula udongo wa milima na kuozesha chuma. Kimeonekana katika uvimbe wa wagonjwa wa saratani. Tena aliyekwisha kukizoea, akikikosa, hufa.

Kitu hicho ni maji. Wataalamu husema kwamba kila chembe ya maji imefanywa kwa sehemu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, na jina lile refu halina maana nyingine. Kila neno la onyo lile ni kweli: maji hunywesha watu na kuwazamisha, huchemka na kuunguza, huchukua udongo wa mashamba, yamo katika kila mwili, na asiyeyanywa hufa.

Mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 katika mji wa Idaho Falls aliwasomesha wenzake 50 onyo hilo, akawauliza kama kitu hicho kikatazwe. Watu 43 walikubali kikatazwe. Kijana aliandika matokeo yake kwa maonyesho ya sayansi akapewa tuzo ya kwanza, kwa kuwa alionyesha jinsi watu walivyo wepesi wa kuamini jina wasilolijua. Yeye hakuna wa kumlaumu. Alitumia mchezo kama mwalimu atumiavyo kitendawili, na jibu la kitendawili alilitoa hadharani.

Lakini mwaka 2004 baraza la mji wa Aliso Viejo, California, lilikuwa karibu kupiga kura juu ya kukataza vikombe fulani, kwa kuwa karani aliyetafuta habari katika intaneti aliona kwamba hutengenezwa kwa kitu hicho cha hatari. Na tarehe 1 Aprili 2013 watangazaji wawili wa radio huko Florida waliwaambia wasikilizaji kwamba dihidrojeni monoksidi inatoka katika mabomba ya nyumba zao. Watu wengi wakapiga simu kwa hofu, hata wakubwa wa maji wakalazimika kutangaza kwamba maji ni salama, na watangazaji wakasimamishwa kazi kwa muda.

Je, watangazaji hao walisema uwongo? Kwa kinywa, hapana. Hata hivyo jawabu hilo halimtoshi Mkristo. Shetani alipomjaribu Bwana wetu jangwani alitumia maneno ya Maandiko Matakatifu yenyewe, maneno ya kweli, akayapinda yawe mtego. Ukweli haukai katika maneno peke yake kama nafaka katika gunia. Asemaye neno la kweli kwa namna ambayo anajua msikiaji atalipokea kuwa jambo lingine, naye anamwacha aende nalo hivyo, amemnyima haki yake.

Wengine hujitetea wakisema, kosa ni la msikiaji aliye mjinga, angejifunza. Neno hili lina ukweli kidogo. Kila mtu amepewa akili, na asiyeuliza lolote juu ya habari aipokeayo anaifanya akili yake kuwa mlango usio na komeo. Karani wa Aliso Viejo angaliweza kumwuliza mwalimu wa shule, naye angalimjibu mara moja. Lakini mama asiyefundishwa kamwe habari za hidrojeni hakuwa na wa kumwuliza, wala kutojua kwake si dhambi. Amchekaye mtu wa namna hiyo ameacha utani na kushika dharau, maana mlango wa kuingia katika kicheko umefungwa kwa ufunguo ambao yule mwingine hakupewa.

Ifikiriwe habari ya kijana wa kijiji kimoja aliye shuleni mjini. Apokea onyo lile katika simu yake. Acheka, kwa kuwa analijua jina la maji. Kisha alipeleka katika kundi la jamaa za nyumbani, asitie alama ya kicheko, maana kwake bila alama ndipo lachekesha zaidi. Shangazi yake asoma kwamba katika maji ya bomba kuna sumu yenye jina la kizungu. Bomba lile limechimbwa kwa taabu ili watu waokoke na kipindupindu, na maji yake hutiwa dawa. Asubuhi shangazi abeba ndoo yake kwenda mtoni, ambako ng'ombe hunywa. Kijana arudipo likizoni, amkuta mtoto wa shangazi amelala kitandani hana nguvu.

«Shangazi, ulikuwa utani tu.»

«Mwanangu, wewe ulicheka huko mjini, mimi nilikwenda mtoni.»

Asiseme mtu kwamba huu ni mfano uliotiwa chumvi. Toka tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Katika siku hizo maneno yalipita toka simu hata simu, ya kwamba ugonjwa ule haupo, umetungwa kwa ajili ya fedha. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kuwatunzia wagonjwa huko Katwa na Butembo zilishambuliwa. Si kila neno la namna ile lilianza kwa mzaha. Mengi yalizaliwa na hofu, na uchungu wa watu waliokwisha kuteswa miaka mingi na vita pasipo msaada. Walakini neno likishafika mara ya kumi, apokeaye hawezi tena kutambua kama lilianza kwa machozi au kwa kicheko.

Basi, kwa kupima uzito wa kosa, padri katika kitubio hataridhika kuuliza kama maneno yalikuwa kweli. Ataangalia neno lilihusu nini, kwa kuwa kutania juu ya kandanda si sawa na kutania juu ya dawa na maji. Ataangalia aliyelipeleka alijua nini juu ya watu wake, na madhara gani yalitokea. Kijana yule hakutaka mtoto augue. Kwa hiyo hana hatia ya mtu anayedhuru kwa makusudi. Lakini alimjua shangazi yake, na alijua kwamba hakusoma.

Tena liko jambo la malipizi, ambalo wakatekumeni hulisahau kwa urahisi. Aliyeharibu kweli hana budi kuitengeneza, kama aliyevunja chungu cha jirani apaswavyo kuleta kingine. Wale wa Pittsburgh walisahihisha habari ya zebaki katika ubao ule ule, mbele ya wasomaji wale wale. Kijana ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu jamaa zake nao wamekwisha kuwapelekea wengine, na hao wengine hawajui. Hawezi kuwafikia wote. Lakini majina ya wale aliowapelekea yeye mwenyewe bado yamo katika simu yake, na kwa hao aweza kuandika leo, bila mzaha, kwamba kitu kile ni maji, na kwamba bomba ni salama; na kwa shangazi ataanza kwa miguu, akiwa amebeba ndoo.