Je, Bunduki Hurithi Dhambi?

Anayechagua bunduki ya zamani ya kulengea shabaha, tuseme BSA Martini iliyotengenezwa Birmingham, hununua na nasaba yake. Mtambo wake unatokana na ule wa Martini-Henry, silaha ya jeshi la Uingereza lililoteka makoloni. Na klabu za shabaha nchini Uingereza zilistawi baada ya Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, Lord Roberts, aliyekuwa jemadari wa Uingereza katika vita hivyo, akihimiza raia wajifunze kulenga. Je, chombo hurithi dhambi za ukoo? Sidhani. Tazama inavyotumika: wenzo huvutwa chini, risasi moja ya milimita 5.6 huingizwa kwa kidole, hufyatuliwa, kisha kazi huanza upya. Mtutu mzito na kitundu chembamba cha kulengea havimfai mpiganaji. Vinamfaa anayetuliza pumzi mbele ya karatasi.

Mpinzani atasema risasi hiyo bado inaua. Ni kweli, na sheria ya Uingereza hudai leseni kwa bunduki hii, kwa haki kabisa. Lakini uwezo wa kuua pekee hauamui chombo ni cha nini, la sivyo tungekihukumu hata kisu cha jikoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba waliohimiza mchezo huu walitaka askari, si utulivu. Naam, ila nia yao haimfungi mlengaji wa leo, mradi asijifanye haijui.